Msichana aliyetaka nguvu zote

Likasi, komini ya Kikula. Jumamosi mchana, chini ya mwembe wa parseli moja, mlango wa zamani umelazwa juu ya bidoni mbili. Hiyo ndiyo meza. Juu yake kuna makaye, biki tatu na kopo la maziwa lenye vipande 20 vya karatasi, vilivyoandikwa namba 1 mpaka 20. Mchezo wenyewe unadai kete yenye pande 20, na pale hakuna aliye nayo. Kopo linafanya kazi ile ile, na watoto wanapenda kulitikisa.

Wanaoizunguka meza ni watoto wa kartie pamoja na wa familia zilizokimbia vita upande wa Mitwaba. Mwenye meza ni kijana anayetengeneza simu kando ya barabara siku za kazi. Kitabu cha mchezo, cha Kifaransa, kilichochanika jalada, alikipata kwa ndugu yake wa Lubumbashi. Unaitwa Dungeons & Dragons, na ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hauna goli wala mshindi. Kila mtoto anaunda mtu wake wa kubuni kwenye karatasi, kijana anasimulia safari, na namba inayotoka koponi inaamua kama mtu huyo ameruka shimo au ameanguka ndani.

Neno moja halitamkwi mezani: bulozi. Kijana anasema “nguvu”, basi. Meza iko uani, mlango wa parseli wazi, kila mpita njia aone. Anajua anachofanya. Katika miji yetu mtoto hufukuzwa nyumbani kwa kuitwa ndoki, ingawa sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Mama mmoja wa kanisa alikuja siku moja na uso umekunjamana, akakaa, akasikiliza hesabu za kujumlisha na kutoa kwa nusu saa, akaondoka akisema afadhali hivyo kuliko kuzurura sokoni.

Basi, katika watoto hao kuna msichana wa miaka 13. Anaishi kwa shangazi yake. Alipopewa karatasi ya kuunda mtu wake, kijana alimsomea njia sita kubwa za nguvu zilizo kitabuni, achague moja. Kuna msomi, ambaye nguvu zake zimeandikwa katika kitabu anachobeba. Kuna kuhani anayepewa na Mungu wake, na mtu wa pori anayepewa na miti na wanyama. Kuna aliyezaliwa nazo, kuna aliyefanya mapatano na mkubwa fulani asiyeonekana, na kuna mwimbaji, ambaye nguvu zake ziko katika sauti na ngoma.

“Yaya, miye nataka zote.”

Wenzake wakacheka. Kijana hakucheka, kwa sababu kanuni haikatazi. Kwa kanuni za mwaka 2014, mtu anaweza kuchanganya njia, mradi awe na kipimo cha 13 katika sifa ambayo njia hiyo inaitegemea. Mchezaji hupewa namba sita za kugawa: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Msichana akaandika akili 15, busara 14, mvuto 13. Milango yote sita ikafunguka. Zilizobaki, 12, 10 na 8, zikaenda kwa afya, wepesi na misuli. Mtu wake hawezi hata kubeba mfuko wa makala, lakini hilo halikumsumbua.

Kilichomsumbua ni hesabu iliyofuata. Mtu wa mchezo huu anapanda ngazi 20, haziongezeki. Ukizigawa kwa njia sita, kila moja inapata 3, na 2 zinabaki. Nguvu nazo zina madaraja 9. Anayefuata njia moja tu anafungua daraja la 9 akifika ngazi ya 17. Mwenye ngazi 3 katika kila njia anaishia daraja la 2. Ukimwekea zile 2 za ziada upande mmoja, anagusa daraja la 3. Kwa hiyo baada ya safari nzima, pengine miaka ya Jumamosi, mtu wa msichana angejua mwanzo wa kila kitu. Alirudia hesabu mara mbili kwenye kaye yake, ikatoka vile vile.

Kijana akamshauri achukue msomi, maana ndiye anayeweza kuongeza nguvu kwa kunakili vitabu vya wengine. Hapo msichana akauliza swali ambalo halikuwa la mchezo.

“Na kama tunakimbia usiku, kitabu inabakia?”

Kitabu cha kanuni kina jibu: msomi aliyepoteza kitabu hubaki na zile nguvu alizoziandaa siku ile, hawezi kuandaa nyingine mpaka apate kitabu kingine. Msichana akasema, “Ni kama biletini yangu.” Alimaliza mwaka wa tano wa shule ya msingi kwao. Biletini zake zilibaki katika nyumba ambayo hajui kama bado ina paa, na shule ya kwanza aliyopelekwa hapa ilimrudisha kwa sababu hakuwa na karatasi. Familia zinazosoma habari hii zinajua maneno hayo bila kuelezwa.

Nkambo wa parseli, mama Mluba aliyekuwa akichambua sombe pembeni, akaingilia. Akasema wazee wa Mbudye walikuwa na lukasa, kibao kidogo cha mbao chenye shanga na makombe, kinachoshikwa mkono wa kushoto na kuguswa kwa kidole cha kulia. Kwa shanga hizo walisimulia wafalme, safari na mipaka ya nchi. Lakini mtu alipanda daraja baada ya daraja katika chama kabla ya kuweza kukisoma, na aliyekosa mafunzo aliona shanga tu. (Lukasa moja iko leo katika makumbusho ya Brooklyn, huko Marekani.) Kisha akawakumbusha Kalala Ilunga: mtoto wa mwindaji Mbidi Kiluwe, shujaa kuliko wote, lakini Mijibu ndiye alikuwa mganga wake, na siku Nkongolo alipochimba shimo lenye mikuki na kulifunika mkeka ili acheze juu yake, ni mpiga ngoma aliyemwonya kwa mdundo.

Watoto walitaka shimo tena na tena. Msichana alikuwa anafungua kurasa za mwimbaji.

Huyo hana kitabu cha kupoteza. Anaanza na nguvu ndogo 2 na nguvu 4 za daraja la 1, si kitu. Lakini akifika ngazi ya 10, kanuni inamruhusu kuchukua nguvu 2 kutoka njia yoyote ile, tena 2 kwenye ngazi ya 14, na 2 kwenye ya 18. Sita, moja kwa kila njia akitaka. Na daraja la 9 linabaki wazi kwake. Kijana, anayecheza kwa miaka, alikiri hakuwahi kumtazama mwimbaji kwa jicho hilo.

Shangazi naye amepata shule nyingine, ambayo mkurugenzi wake amekubali kumpa mtoto mtihani wa hesabu na Kifaransa kwanza, mambo ya karatasi baadaye. Ni Jumatatu, saa moja asubuhi.

Karatasi ya mchezo ina sehemu ya chini inayouliza mtu anabeba nini. Wengine waliandika panga na ngao. Msichana aliandika: ngoma, sufuria ndogo, chumvi, kibiriti. Akaweka biki chini, akatikisa kopo, akatoa 11.