Mgunga wa Baba

Kiangazi cha utotoni mwangu, karibu na Kainuk kusini mwa Turkana, nakikumbuka kwa sauti: fimbo ndefu ya baba ikitikisa matawi ya mgunga, matunda yakidondoka, mbuzi wakiyagombania. Mti huo tunauita ewoi, matunda yake ngitit. Migunga ya kando ya mto ilikuwa na wenyewe, na haki hiyo, ekwar, iliheshimiwa. Hukuthubutu kukata wa jirani. Jioni mama alikamua, akajaza elepit, chombo cha mti kilichofukizwa moshi.

Bunduki zilikuwapo tayari. Kambi ya jeshi ya Moroto, upande wa Uganda, iliporwa mwaka 1979 Idi Amin alipoanguka, na silaha zikasambaa. Lakini miezi ya amani ilikuwapo pia; Wapokot, kabila jirani, walikuja kwetu na tumbaku na asali, wakaondoka na mbuzi. Aliyevamia kuiba ng'ombe alitafuta mahari, au kufidia mifugo iliyokufa kwa ukame. Baadaye ng'ombe wa wizi wakaanza kupakiwa kwenye malori usiku. Hapo mambo yakaharibika kabisa, maana ng'ombe aliyekwisha kuwa nyama mjini, wazee watakaa kikao gani wamrudishe?

Watu huniuliza tuliibiwa mifugo mingapi. Sisi tulivamiwa mara moja tu. Kilichotumaliza ni woga. Nyasi nzuri zilikuwa mpakani na Wapokot, na hakuna aliyezisogelea. Zilikauka zikiwa zimesimama, huku mbuzi wetu na wa majirani wakirundikana penye ulinzi, wakitafuna mpaka mizizi. Wakakonda, wakaugua. Waliobaki baba akawauza kwa bei ya kutupa. Alikufa hana hata mmoja.

Nilirudi nyumbani Februari 2023, mwezi ambao serikali iliamuru jeshi liingie kaunti 6, yetu ikiwamo, kukomesha uvamizi huo. Kando ya barabara ya Lodwar magunia ya makaa yalikuwa yamepangwa, yakingoja malori. Mama alikuwa amechuchumaa, akishona mdomo wa gunia, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha.

"Mama, haya ni ya mti gani?"

"Wa baba yako," akasema, akaendelea kuvuta kamba.

Elepit ilikuwa kando yake, nikafurahi kuiona. Nikafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na sindano ya magunia na bunda la kamba.