Ekseli Mpya katika Chombo cha Kale

Vitu vingi vinavyotubeba havionekani. Mtu husifu rangi ya gari, mlio wa injini yake na ulaini wa viti vyake, lakini ni nadra kumsikia akisifu ekseli. Ekseli hukaa gizani chini ya chombo, katika grisi na vumbi, na kazi zake ni mbili: kuchukua mzigo ulio juu yake, na kuyazungusha magurudumu ili mzigo huo uende. Ikitenda kazi yake vyema, hakuna aikumbukaye. Ikivunjika, hakuna aisahauye. Katika insha hii nataka kueleza kazi moja ya ekseli niliyoifanya ugenini, na mambo yaliyonipitia moyoni nilipokuwa nikiifanya, kwa kuwa naamini yatamfaa hata msomaji ambaye hatashika spana maishani mwake.

Kijana aliyezizoea tuktuk za Mombasa atanielewa upesi, maana tuktuk ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Huko Marekani umbo kama hilo lina historia ndefu. Mwaka 1932 kampuni ya Harley-Davidson ya mji wa Milwaukee ilianza kuuza pikipiki ya magurudumu matatu iliyoitwa Servi-Car, na aina hiyo iliendelea kuundwa mpaka mwaka 1973. Mbele ilikuwa pikipiki kamili, yenye usukani, tangi la petroli, na injini ya silinda mbili yenye ukubwa wa inchi 45 za ujazo. Nyuma ilikuwa na sanduku la kuwekea vifaa, na chini ya sanduku ekseli yenye magurudumu mawili. Tena ilikuwa na gia ya kurudi nyuma, jambo lililo geni kwa pikipiki.

Chombo hiki kilizaliwa na shida ya wakati wake. Karakana ilipotaka kuchukua gari la mteja nyumbani kwake, ilibidi kutuma watu wawili: mmoja arudi na gari la mteja, na wa pili arudi na gari la karakana. Kwa Servi-Car alitosha mtu mmoja. Alikwenda nayo, akaifunga nyuma ya gari la mteja kwa chuma cha kukokotea, kisha akaliendesha gari hilo mpaka karakana, na pikipiki ikamfuata kama mbuzi aliyefungwa kamba. Baadaye polisi wa miji mingi waliitumia kwa kazi ya kukagua magari yaliyoegeshwa, na wachuuzi wakaitumia kwa kupeleka bidhaa milangoni.

Ile iliyofika mikononi mwangu ilikuwa mali ya mzee mmoja wa makamo ya miaka sabini na kitu. Baba yake aliitumia katika karakana yake mwenyewe, akaibebesha injini nzima za magari, betri, na minyororo ya kukokotea, mizigo iliyozidi sana ile iliyokusudiwa. Mzee alikuwa ameitunza kama mtu atunzavyo kitabu cha ukoo. Sasa alitaka kuiendesha katika maandamano ya tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wa Marekani, na wajukuu wake wawili wakiwa wameketi juu ya sanduku. Aliileta kwetu kwa neno dogo tu: oili ilikuwa ikivuja karibu na gurudumu la kushoto.

Ekseli ya chombo hiki si fimbo moja. Ni fimbo mbili, ya kushoto na ya kulia, zinazokutana katikati ndani ya difu. Difu ni kundi la gia ambalo huliruhusu gurudumu la nje kuzunguka upesi kuliko la ndani chombo kinapokata kona. Mnyororo kutoka kwenye gia huizungusha difu, difu huzizungusha fimbo, na fimbo huyazungusha magurudumu. Mwisho wa kila fimbo umechongoka kama pia, na kitovu cha gurudumu hukazwa juu yake kwa nati kubwa.

Nilipokivuta kitovu na kuisafisha fimbo ya kushoto, sikuona kasoro kwa macho. Lakini desturi ya kazi ni kutoamini macho peke yake. Niliipaka rangi nyekundu nyepesi iwezayo kupenya mahali padogo mno, nikangoja, nikaifuta yote, kisha nikanyunyiza unga mweupe juu yake. Chuma kizima hubaki cheupe. Chuma chenye ufa huirudisha ile rangi iliyojificha ndani. Baada ya dakika chache mstari mwekundu ulijitokeza, mwembamba kama unywele, ukiizunguka fimbo karibu robo ya duara, papo hapo penye pembe kali ambapo mchongo unaanzia.

Ufa wa namna hii hauletwi na pigo moja. Gurudumu linapozunguka chini ya mzigo, upande wa chini wa fimbo huvutwa na upande wa juu hubanwa. Nusu mzunguko baadaye, uliovutwa hubanwa na uliobanwa huvutwa. Gurudumu lenye mzingo wa mita mbili huzunguka mara 500 katika kila kilomita. Katika kilomita 100,000, chuma hicho kimekunjwa na kukunjuliwa mara milioni 50. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Kosa halikuwa la walioiunda. Lilikuwa la miaka mingi na mizigo mizito iliyopita kiasi.

Wanadamu waliijua siri hii kwa gharama kubwa. Tarehe 8 Mei 1842, garimoshi lililokuwa likirudi Paris kutoka Versailles lilivunjika ekseli ya injini. Mabehewa yakapandana na kuwaka moto, na watu zaidi ya 50 wakafa. Mwaka uliofuata mhandisi Rankine wa Uskoti alieleza kwamba ekseli za reli huanza kupasuka penye pembe kali, na ufa ukaingia ndani kidogo kidogo. Baadaye August Wöhler, mhandisi wa Kijerumani, alizijaribu ekseli za reli kwa miaka mingi, akathibitisha kwamba chuma huweza kuvunjwa na mzigo mdogo unaorudiwa, ingawa mzigo huohuo ukiwekwa mara moja hauwezi kukidhuru.

Nilimwita mzee nikamwonyesha ule mstari. Aliutazama kwa muda mrefu bila ya kusema. Nikamweleza kuwa wako mafundi wanaofua ekseli mpya kwa ajili ya vyombo vya kale kama chake, zenye nguvu kuliko zile za asili, na zinazoingia mahali palepale bila ya kukata wala kuchomelea kitu.

"Kijana," akasema, "hii ndiyo ekseli aliyoigusa baba yangu. Nikiitoa hii, kesho nikatoa nyingine, itabaki nini kilicho chake?"

Swali hilo si la kuchekwa. Mwenye chombo cha kale ana aina mbili za wajibu: wajibu kwa waliomtangulia, waliomwachia amana, na wajibu kwa walio hai, watakaokipanda. Akiusahau wa kwanza, atakigeuza kitu cha ukoo kuwa kitu cha dukani. Akiusahau wa pili, ataiheshimu kumbukumbu ya marehemu kwa kuhatarisha roho ya mtoto. Nilimjibu kwa adabu kwamba baba yake alikuwa fundi, na fundi hakuachii chuma tu; hukuachia na desturi ya kukirekebisha chuma kinapochoka. Nikamkumbusha pia kwamba ekseli hii ikikatika, gurudumu huchomoka pamoja na kitovu na breki yake, na chombo huinamia upande huo mara moja. Wajukuu wangekuwa wameketi hapo juu yake. Mzee akainamisha kichwa, kisha akaniambia niagize.

Ekseli mpya zilipofika, mtu asiyejua angesema ni sawa na zile za zamani. Kunenepesha fimbo huongeza nguvu sana: fimbo ya mviringo ikizidishwa unene kwa robo tu, uwezo wake wa kustahimili msokoto hukaribia kuwa maradufu. Lakini nyumba ya ekseli ya zamani haina nafasi ya fimbo nene. Kwa hiyo nguvu ilitafutwa kwa njia nyingine tatu. Ya kwanza, feleji yenyewe ilikuwa imechanganywa na nikeli, kromu na molibdeni, kisha ikatiwa moto na kupozwa kwa kipimo. Ya pili, ile pembe kali ilikerezwa ikawa mviringo laini, ili nguvu ipite bila ya kukusanyika mahali pamoja. Ya tatu, uso wake ulisuguliwa mpaka ukang'aa, maana kila mkwaruzo ni mwanzo wa ufa.

Nilizibadilisha fimbo zote mbili, ingawa ya kulia haikuonyesha mstari wowote, kwa sababu ilikuwa imekwenda mwendo uleule na kubeba mizigo ileile. Nilipaka rangi ya buluu kwenye mchongo wa kila fimbo, nikakivika kitovu na kukivua, nikatazama rangi imegusa wapi. Kitovu kinachogusa mahali pachache tu hucheza, na kinachocheza humla mwenziwe. Nilisugua kidogo kidogo mpaka rangi ikaenea mchongo mzima. Nikaweka beringi mpya na mipira mipya ya kuzuia oili, nikapima nafasi ya fimbo kwenda huku na huku, nikaunyosha mnyororo, nikakaza nati kwa spana yenye kipimo. Baada ya mwendo wa kilomita 80 nilizikaza tena, kwa kuwa kitu kipya hujituliza mahali pake.

Kazi haikuishia hapo. Ukiimarisha kiungo kimoja, mzigo hauondoki; huenda kukitafuta kiungo kinachofuata kwa udhaifu. Ekseli iliyokuwa ya kwanza kuchoka ikishakuwa imara, zamu huifikia difu, au nyumba ya ekseli, au mnyororo, au breki. Nikavikagua vyote, nikabadilisha mnyororo na bitana za breki.

Siku ya kukichukua chombo chake, mzee alikipiga sanduku kofi la upole, akaniuliza: "Sasa naweza kukipakia zaidi?"

Nikamwambia: "La, mzee wangu. Nguvu hii umeinunua ili uwe salama kwa mzigo uleule. Ukiongeza mzigo, utakuwa umeirudisha dukani."

Akacheka, akakubali. Aliichukua na ile ekseli ya zamani, akaniomba niifunge katika kitambaa chenye oili ili isishike kutu. Tarehe 4 Julai nilisimama kando ya barabara nikawaona wakipita polepole, babu akishika usukani kwa mikono miwili, na wajukuu wakipunga bendera ndogo. Hakuna hata mmoja katika umati ule aliyeitazama ekseli, wala haikupasa kutazamwa.

Wasemao hunena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ukuta huonekana na kila apitaye, lakini ufa wa chuma, na aghalabu ufa wa tabia, haujionyeshi mpaka utafutwe. Uongo mdogo unaorudiwa, uvivu mdogo unaosamehewa, deni dogo lisilolipwa, kila kimoja ni mzunguko mmoja wa gurudumu, na hakuna mzunguko mmoja uliomvunja mtu. Kwa hiyo, ewe kijana unayesoma, jikague ungali mzima, wala usingoje mlio wa kuvunjika. Na ukirithi jambo jema kutoka kwa wazee wako, lishike kwa mikono yote miwili. Lakini likiwa na ufa, usiogope kulitia feleji mpya. Kurekebisha amana ni njia mojawapo ya kuitunza, na asiyethubutu kuirekebisha huishia kuizika.