Fuvu Halisemi

Mtu wa Iringa akifika Dar es Salaam, kabla hajajua hata daladala za Mwenge zinapita wapi, anakuwa ameshatupiwa ule utani: Wahehe wana hasira, ukiwaudhi wanajinyonga. Mimi niliupata wiki ya kwanza tu pale Chuo Kikuu, Mlimani, mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa mwenzangu wa chumba, kijana wa Shinyanga. Sikumkasirikia. Utani wa makabila ni mali yetu sote, na nilikuwa na wangu wa kumrudishia. Ila moyoni nilijua kuna kitu pale. Nimekulia Tosamaganga, kando ya misheni, na mazishi ya namna hiyo nilikuwa nimeshayaona. Watu wazima walikuwa wakisema kwa sauti ya chini, "ni damu hiyo," na mtoto akishasikia damu hana tena cha kuuliza.

Damu yenyewe tulionyeshwa shuleni. Kutoka Tosamaganga hadi Kalenga si mbali, na walimu walitupeleka kwenye jumba la makumbusho kuona fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ndani ya kabati la kioo. Habari tuliijua tangu chekechea: alivyowashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, ngome ya Kalenga ilivyobomolewa kwa mizinga mwaka 1894, alivyowindwa porini mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi asikamatwe akiwa hai. Kichwa chake kikakatwa kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaiagiza Ujerumani ilirudishe fuvu hilo, na lilirudi mwaka 1954, likapokewa na mjukuu wake Adam Sapi, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Jambo ambalo hatukuambiwa shuleni ni namna fuvu hilo lilivyochaguliwa. Twining, gavana wa Tanganyika, alikwenda Bremen, akakuta jumba la makumbusho lenye mafuvu mengi ajabu, akalinganisha vipimo vya mafuvu hayo na vipimo vya vichwa vya jamaa za Mkwawa, akachagua mojawapo lenye tundu la risasi.

Nilikuja kulifahamu hilo chuoni, na nalikumbuka kwa sababu lilinikuta katika wiki zilezile tulizokuwa tukisoma habari za Lombroso.

Cesare Lombroso alikuwa daktari na profesa katika mji wa Torino. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 alilichunguza fuvu la mtu wa Calabria, kusini mwa Italia, jina lake Villella, ambaye yeye alimwita jambazi. Nyuma ya fuvu aliona kishimo ambacho watu wengi hawana. Kwa kishimo hicho akajenga nadharia nzima: mhalifu huzaliwa mhalifu, ni mtu aliyerudi nyuma kuelekea mnyama, na taya, paji la uso na masikio yatakuonyesha. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876 na kikazunguka dunia. Wafuasi wake walikwenda mbali zaidi, wakawaambia watu wa kusini mwa Italia kwamba ujambazi wao ni wa asili. Yaani ni damu.

Mhadhiri wetu alilimaliza somo la Lombroso kwa saa moja, kama mtu anayefagia kibaraza kabla wageni hawajafika. Wenzangu waliandika madesa yao wakafunga daftari. Mimi nilibaki na Torino. Kwa mtoto wa Tosamaganga, Torino si jina geni. Mapadre wa Konsolata, walioipokea misheni yetu mwaka 1919 baada ya Wabenediktini wa Kijerumani kuondolewa, shirika lao lilianzishwa Torino mwaka 1901 na Padre Giuseppe Allamano. Lombroso alifariki katika mji huohuo mwaka 1909. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa mji mmoja ulikuwa na mtu anayepima mafuvu ya maskini ili ajue uovu wao, na nyumba iliyokuwa ikiwaandaa vijana waliokuja kutufundisha kusoma. Sidai kwamba walihusiana. Nasema tu kwamba kuanzia siku hiyo nadharia ile haikuwa ya mbali tena, na fuvu la Kalenga halikuwa tena la historia peke yake. Mikono iliyolishika ilikuwa imeshika rula.

Kisha akaja Durkheim, mwanasosholojia wa Ufaransa. Kitabu chake kuhusu kujiua kilitoka Paris mwaka 1897, mwaka mmoja kabla ya Mkwawa kufa, na sijawahi kusoma kitabu cha darasani kwa moyo ule. Hakuuliza mtu aliyejiua alikuwa na damu gani. Aliuliza alikuwa amefungamana na nani. Alichukua hesabu za nchi za Ulaya, akaonyesha kwamba viwango havirukiruki ovyo mwaka hadi mwaka: wapweke huzidi waliooa, Waprotestanti huzidi Wakatoliki, na mambo yakipinduka ghafla, hata kwa neema, idadi hupanda. Akasema pia wako wanaokufa kwa sababu wamefungamana mno, kiasi kwamba heshima ya kundi ni kubwa kuliko pumzi yao. Nilimwona Mtwa wetu pale. Hakufa kwa hasira. Alikufa kama mtawala asiyekubali kufungwa kamba mbele ya watu wake.

Basi mwaka wa tatu, wenzangu walipochagua mada za utafiti, wengi wakikimbilia zile zisizo na nauli, mimi nikarudi nyumbani. Yule mwenzangu wa chumba alikwenda kwao kuandika habari za sungusungu, walinzi wa jadi walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulipozidi, mpaka serikali ikawaingiza kwenye sheria mwaka 1989. Tulibishana usiku kucha juu ya kazi zetu. Yeye alikuwa akiuliza nani ana haki ya kumwita mtu mwizi. Mimi nilikuwa nauliza nani anaandika kwamba mtu amejiua.

Swali hilo sikulitoa Dar es Salaam. Lilitoka kwa mzee mmoja aliyekuwa katekista kwa miaka mingi. Nilimkuta akipukuchua mahindi barazani, tukaamkiana kwa Kihehe, "kamwene", nikakaa kwenye kinu. Nilipomweleza nilichokifuata alinyamaza, akaendelea na bunzi lake.

"Zamani aliyejiua haingizwi kanisani," akasema mwishowe. "Wala hazikwi na wenzake. Na ndugu wanalijua hilo."

"Wakafanyaje, baba?"

"Wakasema kaanguka. Wakasema tumbo la ghafla. Padre naye ni mtu, hakuuliza sana."

"Kwa hiyo walioandikwa na wasioandikwa, wapi walikuwa wengi?"

"Wewe ndiye msomi, mwanangu. Mimi nilikuwa nachimba makaburi."

Sheria ya Kanisa ya 1917 ndiyo iliyowanyima watu hao maziko ya Kikristo. Ile ya 1983 haikuwataja tena. Kwa hiyo katika kijiji cha Kikatoliki kama chetu, kifo kilekile kingeweza kuingia daftarini kwa jina moja kabla ya 1983 na kwa jina jingine baadaye, bila mwanadamu yeyote kubadilika damu. Durkheim alizitegemea mno hesabu za serikali na za makanisa, na hapo ndipo waliomfuata walipomshika. Mimi nilimshikia Tosamaganga, kwenye baraza la mzee.

Waliotangulia kutuandika nao niliwatafuta, kwenye chumba cha vitabu vya Afrika Mashariki katika maktaba ya Mlimani. Nikamkuta Gordon Brown, mwanaanthropolojia, na Bruce Hutt, bwana shauri, ambao mwaka 1935 walichapisha kitabu kuhusu jaribio lao wilayani Iringa: mtawala anauliza, mtaalamu anakwenda kwa Wahehe kutafuta jibu. Nikawakuta Winans na Edgerton, walioandika mwaka 1964 juu ya dawa za Kihehe za kumwadhibu mkosaji. Kazi nzuri zote mbili, na bado nazipendekeza. Ila kokote nilikopita, Mhehe alikuwa mtu wa kuelezwa, na maelezo yaliishia kwake. Manamba waliosombwa kutoka nyanda zetu kwenda kwenye mashamba ya mkonge, wakaacha nyumba bila baba kwa miezi na miezi, walikuwa habari za vitabu vingine. Miaka michache baada ya mimi kuhitimu, utafiti wa taifa wa 2007/08 ulionyesha kwamba karibu asilimia 16 ya watu wazima wa mkoa wa Iringa walikuwa na virusi vya ukimwi, wakati wastani wa nchi ulikuwa takriban asilimia 6. Huwezi kusema lolote juu ya huzuni ya Iringa ukiruka namba hizo, wala ukiruka watoto wanaolelewa na masista pale Tosamaganga. Kila familia iliyokubali kuzungumza nami ilinitajia kifo kingine kabla ya kile nilichokiulizia.

Siku hizi kijana wa Iringa hana haja ya kupanda basi la alfajiri na kushuka mlima Kitonga kwenda Dar es Salaam ili asome. Mjini kuna Chuo Kikuu cha Iringa, kuna cha Kikatoliki cha Ruaha, kuna cha Mkwawa, na wanaosoma jamii, sheria na ualimu hunifikia wakitafuta mada. Wengi wanakuja na neno "saikolojia" mdomoni, na wachache bado wanakuja na "kabila". Huwa nawapa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu wakisome kwanza.

Kifungu hicho kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Tumekirithi kwa Waingereza, ambao wenyewe walikifuta kwao mwaka 1961. Hapo ndipo elimu ya jamii na elimu ya uhalifu zinapokutana mlangoni mwa hospitali. Ndugu wanaleta mgonjwa aliyekunywa sumu. Wanajua kuna fomu ya PF3, wanajua kuna polisi, kwa hiyo wanasema amekunywa kwa bahati mbaya, au wanachelewa kumleta wakimpa maziwa nyumbani. Daktari anatibu akiwa na habari nusu. Mgonjwa akipona, anarudi kwenye nyumba ileile na shida ileile, na kile ambacho angemwambia mtu kimebaki tumboni kwa sababu kukisema ni kukiri kosa. Halafu mwisho wa mwaka tunazisoma takwimu na kuuliza ni kabila gani linaloongoza.

Nirudi kwenye mafuvu. Watu wa kijiji alikotoka Villella walidai mahakamani fuvu la mtu wao lirudishwe. Mahakama ya kwanza iliwapa haki mwaka 2012, ya rufaa ikaitengua mwaka 2017. Letu lilirudi, na sasa kazi iliyobaki ni ya walio hai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao kama chetu, cha kujaribu kujiua, kinapingana na katiba. Mimi nataka chetu kifutwe na Bunge, kwa muswada uliojadiliwa hadharani, wabunge wa Iringa na Njombe wakiwa wa kwanza kusimama, na siku hiyohiyo kila hospitali ya wilaya ipewe mtu aliyesomea kukaa na mgonjwa wa namna hiyo na familia yake.