Ndege Ina Daftari, Duara Halina

Kwetu Segese ndege tunazijua kwa mlio kabla ya kuziona. Ukisikia injini ndogo inakuja kutoka upande wa ziwa, mtoto yeyote atakwambia hiyo inaenda Bulyanhulu, mgodini. Hatuzipandi. Tunazitazama tu, tunarudi kwenye shughuli zetu. Mimi mwenyewe niko mwaka wa tatu wa ualimu na sijawahi kukanyaga ndani ya ndege; boom langu linaishia kwenye basi la Kahama na boda ya kumalizia safari. Kwa hiyo msomaji una haki ya kuuliza, mwalimu mtarajiwa anayefundisha Kiswahili na Historia ameanza lini kuandika habari za marekebisho ya lazima ya ndege ndogo?

Nimeanza kwa sababu kaka yangu anashuka duarani.

Nieleze vizuri. Likizo ndefu iliyopita nilikaa siku nne Mwanza kwa binamu yangu. Amesomea ufundi wa ndege pale NIT, Mabibo, na sasa ni fundi msaidizi. Siku moja alinipeleka kwenye hanga, ambako kulikuwa na Cessna ya injini moja imevuliwa viti. Nilidhani naona ndege imeharibika. Binamu akacheka. "Haijaharibika, hii iko kwenye ukaguzi. Tunaangalia reli za viti."

Reli za viti! Ndege nzima imesimamishwa, mwenye ndege hapati hela, eti watu wanakagua mahali kiti kinapoteleza. Nikamuuliza kama hiyo siyo sawa na kulisimamisha basi kwa sababu siti imechanika. Akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza somo. Nakiri kwamba wahadhiri wangu wa mbinu za kufundishia wangempa A.

Katika Cessna nyingi ndogo, kuanzia 150 na 172 hadi 206, kiti cha rubani kinakaa juu ya reli mbili zenye matundu. Kuna pini inayoingia kwenye tundu ili kiti kisisogee. Miaka inavyopita, matundu yanalika na kupanuka, na pini nayo inachakaa. Siku moja rubani anapaa. Ndege inakaza mwendo, pua inainuka, uzito wote wa rubani unaegemea nyuma, na pini inachomoka. Kiti kinateleza kuelekea nyuma. Rubani ameshika usukani, na mtu anayeanguka huvuta alichoshika. Usukani ukivutwa, pua inapanda zaidi, mwendo unapungua, mabawa yanaacha kubeba. Hapo ndege iko chini sana, hakuna nafasi ya kujirekebisha. Watu wanakufa kwa sababu ya tundu lisilotosha kupitisha kidole.

Zilitokea ajali za namna hiyo. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikatoa agizo namba 87-20-03: reli, matundu, pini na vigurudumu vya viti vikaguliwe, kilicholika kupita kiasi kibadilishwe, na ukaguzi urudiwe. Mwaka 2011 agizo hilo lilirithiwa na jingine, namba 2011-10-09, na ukaguzi ukaendelea kurudiwa kila baada ya saa 100 za kuruka au kila miezi 12. Ndiyo maana mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo Mwanza nikitazama reli. Mtu ambaye hatumjui aliteleza na kiti chake huko Marekani kabla mimi na binamu yangu hatujazaliwa, na kijana wa Kisukuma anashika tochi na kipimo kwa ajili hiyo mpaka leo.

Hapa ndipo nilipoacha kucheka. Nikauliza, "Sasa habari ya Marekani inafikaje hapa?"

Inafika kwa njia iliyopangwa. Nchi zilizosaini Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, na Tanzania ni mwanachama, zimekubaliana kwamba nchi ilikobuniwa ndege ikigundua kasoro ya hatari, lazima izijulishe nchi zilikosajiliwa ndege za aina hiyo. Ndege yetu inayoanza na herufi 5H iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Mtengenezaji anaweza kutoa waraka wa kushauri, na ushauri una uzito wake. Lakini agizo la mamlaka si ushauri. Usipolitekeleza ndani ya muda uliowekwa, ndege yako ni bati la kukalia kuku. Hairuki.

Halafu kuna daftari. Binamu alinifungulia la ndege ile. Kila agizo limeandikwa kwa namba yake, tarehe lilipotekelezwa, ndege ilikuwa na saa ngapi za kuruka, nini kilikutwa, nini kilibadilishwa, na mwisho kuna sahihi ya mhandisi mwenye leseni na namba ya leseni yake. Ndege ikiuzwa leo kwenda Kenya au Kongo, daftari linaondoka nayo. "Ndege bila daftari hakuna anayeinunua," binamu aliniambia. "Hata kama inang'aa."

Usidhani mfumo huu ni wa malaika. Mara nyingi unaamka baada ya msiba. Chukua Cessna 206, ndege inayopendwa Afrika Mashariki kwa sababu inatua hata kwenye uwanja wa vumbi. Nyuma ina mlango wa mizigo wa vipande viwili. Rubani akishusha vibawa vya kutulia, kile cha upande huo kinauzuia mlango wa mbele usifunguke sawasawa, na abiria lazima ajue ujanja wa kuutoa ule wa nyuma. Ukiwa nchi kavu unahangaika kidogo unatoka. Ukiwa ndani ya maji, kichwa chini, gizani, ujanja huo haukumbukwi. Mwaka 2018 abiria 3 walikufa maji hivyo kwenye ziwa moja kaskazini mwa Kanada. Kasoro hiyo ilijulikana miaka mingi nyuma, lakini ni mwaka 2020 tu ambapo Kanada ilitoa agizo la kupunguza idadi ya watu wanaopanda ndege hizo. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuhitaji kufafanuliwa sana. Novemba 6, 2022, nikiwa kidato cha sita, ndege aina ya ATR 42 yenye watu 43 iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakapoteza maisha. Ile haikuwa Cessna na chanzo chake ni habari nyingine, ila tangu siku ile kila mtu wa kwetu anaelewa maana ya mlango wa kutokea.

Kwa hiyo sisemi watu wa ndege ni watakatifu. Nasema wana kitu kimoja ambacho sisi hatuna: kasoro ikishajulikana na kuandikiwa agizo, haibaki kuwa siri ya marehemu.

Sasa turudi Segese. Mwaka jana kaka yangu alivunjika mfupa wa bega. Kipande cha matimba, yaani zile nguzo za miti zinazozuia kuta za duara zisiporomoke, kilikatika na kumwangukia. Mti ulikuwa umeoza. Nilipokwenda kumjulia hali, wenzake watatu walikuwa wamekaa pale nje, na kila mmoja alisema jambo lile lile kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ule mti tulikuwa tunaujua." Mmoja akaongeza kwamba duara la jirani walishabadilisha aina hiyo ya mti kwa sababu inaliwa haraka na unyevu. Hatua zisizozidi mia mbili kati ya duara na duara, na habari haikufika. Ya kiti cha Cessna imevuka bahari.

Na si kwamba hatuna kumbukumbu. Mwaka 2015 nikiwa shule ya msingi, wachimbaji walifukiwa Nyangalata, huko huko kwetu Kahama, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Siku 41! Dunia nzima ilishangaa. Sisi tulishangilia, tulimshukuru Mungu, na hadithi ya walichokula chini ya ardhi bado inasimuliwa kwenye vijiwe. Lakini muulize kijana anayeshuka leo akueleze Nyangalata ilibadilisha nini kwenye duara lake, atabaki anakutazama. Tumeifanya kuwa muujiza. Muujiza haukaguliwi.

Sheria zipo, tusidanganyane. Uchimbaji mdogo una leseni, leseni ina namba, na kuna wakaguzi wa migodi. Tatizo ninaloliona mimi ni dogo zaidi na liko karibu zaidi. Ndani ya leseni moja kuna maduara mengi, na duara halina namba wala historia. Linaitwa kwa jina la mwenye duara, au la mama ntilie aliye karibu, au kwa tukio. Likibadilisha mkono, jina linabadilika na kila kilichowahi kutokea humo kinafutika. Hakuna aliyesaini kwamba matimba ya mita ya kumi yalibadilishwa lini. Mti ukikatika, anayejibu ni "bahati mbaya".

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilijaribu jambo moja na kidato cha pili. Niliuliza nani ana ndugu anayefanya kazi duarani. Mikono iliyobaki chini ilihesabika. Nikawapa insha: eleza kitu kimoja kinachoweza kumuumiza ndugu yako kazini na namna ya kukizuia. Nilisahihisha usiku, na kalamu nyekundu ikakosa kazi. Watoto wa miaka kumi na tano walikuwa wameandika kuhusu kamba ya winchi iliyochanika nyuzi, moshi wa pampu inayowashwa karibu na mdomo wa duara, kushuka siku ya pili baada ya mvua kubwa, na matimba, matimba, matimba. Insha zilitoka vijiji tofauti, kasoro zilikuwa zile zile. Ujuzi wote ambao mkaguzi angeuhitaji ulikuwa kwenye mezani yangu, umeandikwa kwa Kiswahili kibovu cha kupendeza. Tatizo letu si kutojua. Tunajua mmoja mmoja.

Kuna hoja dhidi yangu, na aliyeitoa kwanza ni kaka mwenyewe. "Mdogo wangu, ndege ina tajiri. Huku mwenye duara akinunua miti mipya, wiki hiyo hatuli." Ni kweli. Usalama ni gharama, na hata kwenye ndege gharama hiyo mwishowe analipa abiria kwenye tiketi. Kwenye duara abiria ndiye mchimbaji, analipa kwa tumbo lake. Sina jibu kamili la hilo. Lakini nilimuuliza bega lake lilivyovunjika alikaa wiki ngapi bila kushuka. Akasema kumi na moja. Nikamuuliza ni nani aliyemlipa wiki hizo. Akageukia upande mwingine na kuniambia nimwongezee chai.

Siku mbili baadaye alinituma dukani nikamletee daftari kubwa, lile la kurasa 200 lenye jalada gumu.

Tulichora mistari pamoja. Safu ya kwanza namba ya duara, maana kikundi chao kimekubali kuyapa namba maduara yao manne. Kisha tarehe, kilichoonekana, kilichofanyika, na jina la aliyekagua pamoja na sahihi yake. Sheria yao ni moja tu: kasoro ikiandikwa kwenye duara namoja, yote manne yanakaguliwa kwa kasoro hiyo kabla mtu hajashuka. Hiyo nimeichukua hangani Mwanza moja kwa moja, wala sioni aibu. Mwenye duara mmoja wa pembeni alialikwa akakataa, akasema daftari litamletea maneno. Wengine bado wanamtazama kaka kama mtu aliyegongwa kichwani badala ya begani.

Mpaka naandika makala hii daftari lina mistari saba. Wa nne unasema matimba yaliyooza mita ya 14 yametolewa, yamewekwa mapya, na chini yake kuna sahihi ya kaka iliyopinda kwa sababu mkono bado haujanyooka vizuri. Wa tano, wa sita na wa saba ni maduara mengine matatu yaliyokaguliwa kwa ajili ya wa nne. Katika moja walikuta mti mwingine ulioanza kuoza.

Wana-chuo wenzangu, wapo kati yenu wanaosoma uhandisi wa madini, sheria, jiolojia, takwimu. Mimi ni mwalimu, nimefika kwenye kuchora mistari. Sijui mti upi unadumu muda gani kwenye udongo wetu, wala namna ya kuifanya sahihi ya mchimbaji iheshimiwe kama ya mhandisi wa ndege. Nyinyi mnaweza kujua. Basi la Kahama linaondoka asubuhi, na kutoka hapo Segese si mbali. Daftari liko kwa mama yangu, juu ya kabati, na limebakiza kurasa nyingi.