Tunalipia Mikataba Hatujawahi Kuona

Wasee, fungueni ile meseji ya tokeni. Msiishie kwa zile namba 20, shukeni hadi chini.

Mimi niliacha chuo, siku hizi naedit video kwa nyumba hapa Embu mjini. Bila stima sina kazi. Juzi nimenunua tokeni ya mia mbili, nikaona kuna makato mengine, na ndani yake kuna gharama ya mafuta. Mafuta gani, na Tana iko hapa chini? Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Mabwawa matano!

Kumbe Kenya Power hununua stima. Inanunua kwa KenGen, pia kwa kampuni za kibinafsi, zingine zinachoma mafuta. Na kuna mikataba inayosema kampuni ilipwe kwa kukaa tayari tu, hata stima yake isipotumika. Hiyo ni kama kulipa bodaboda imepaki.

Machi 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopo la John Ngumi kuchunguza mikataba hiyo. Tukaahidiwa bei itashuka kwa zaidi ya asilimia 30. Januari 2022 ikashuka kwa 15. Aprili 2023 ikapanda tena.

Serikali ina asilimia 50.1 ya hisa za Kenya Power, kwa hivyo hii ni mali yetu. Kubadilisha mabosi pekee hakutoshi. Wekeni mikataba wazi, kila mtu asome. Kinyozi wa Makutano, Meru, anailipia kila siku. Aonyeshwe basi.

Wewe meseji yako inasema aje?