Dar es Salaam Hadi Mwanza: Safari Huanzia Mlangoni

Ukitandaza ramani mezani na kuweka rula baina ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na ule wa Mwanza, utapata kilomita 850 hivi. Ndege ya jeti huumaliza mwendo huo kwa muda wa saa moja na nusu au pungufu kidogo. Pangaboi huchelewa zaidi. Basi lipitalo Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga hukata zaidi ya kilomita 1,100. Nayo reli, iliyofika Mwanza mwaka 1928, huzungukia Tabora na kuvuka kilomita 1,200.

Angani hakuna mlima wa kuzunguka wala mto wa kutafutia daraja. Kukiwa kweupe, abiria huiona nyika ya Wamasai, kisha Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400, na mwisho Ziwa Victoria na majabali yake. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kwa digrii sita na ushei, na jua huvuka kila digrii kwa dakika nne. Basi magharibi ya huko huchelewa kwa wastani wa dakika 25, ingawa saa za ukutani ni zile zile. Aliyekula daku Dar es Salaam akapanda ndege, afuturu kwa jua la Mwanza.

Hata hivyo, jihadhari na hesabu ya rula. Mkazi wa Mbagala hupambana na foleni za magari, kisha yampasa kufika uwanjani saa mbili kabla ya ndege kuruka, apime mizigo na kukaguliwa. Akishuka, uwanja wa Mwanza uko kando ya ziwa, kiasi cha kilomita 10 kutoka mjini. Jumlisha yote, na ile saa moja na nusu imekuwa sita. Anayekwenda Ukerewe bado anaingojea meli ya Nansio, ambayo safari yake ni ndefu kuliko ya ndege.

Lakini saa sita si siku nzima. Mfanyakazi aliyepewa ruhusa ya siku nne kumwuguza mama yake, akienda na kurudi kwa basi, siku mbili huishia barabarani. Akipanda ndege, nyingi ya saa hizo atakaa kando ya kitanda cha mzazi.

Nauli ya ndege ni nzito kwa mshahara wa wengi wetu. Kwa hiyo ni vyema jamaa wakae kikao kabla ya kukata tiketi. Likizo ya furaha yaweza kwenda kwa basi, na watoto wakaiona nchi yao. Ugonjwa na msiba ni jambo jingine: changeni nauli, mmoja atangulie kwa ndege, wengine wafuate. Ulizaneni ni nani anayengojewa, na anaweza kungoja mpaka lini.