Mbivu za Quebec

Methali zetu juu ya subira zinapingana. Moja yasema mvumilivu hula mbivu. Nyingine yaonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mchezo ulionisaidia kuzisoma pamoja uko mbali sana na Lubumbashi: ni mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu huko Kanada na Marekani, ambao mjomba wangu anayeishi Quebec hunisimulia kwa simu kama sisi tunavyosimuliana mechi za Mazembe.

Katika ligi yao kuu, NHL, kila mwaka timu huteua vijana kwa zamu, na timu dhaifu ndizo hutangulia. Timu ya Quebec, Nordiques, ilishika mkia hata ikateua wa kwanza miaka mitatu mfululizo: 1989, 1990 na 1991. Kijana wa tatu, Eric Lindros, alitazamiwa kuutawala mchezo, lakini alikataa kabisa kuichezea Quebec. Mwaka 1992 Philadelphia Flyers wakamchukua. Walitoa wachezaji kadhaa, nafasi mbili za kuteua katika duru ya kwanza, na dola milioni 15. Miongoni mwa waliotolewa alikuwamo Peter Forsberg, kijana wa Uswidi ambaye alikuwa bado hajacheza hata mechi moja ya NHL.

Lindros hakuwa bidhaa mbovu. Mwaka 1995 alitunukiwa kuwa mchezaji bora wa ligi, na 1997 aliifikisha Philadelphia fainali. Huko walikutana na Detroit, wakashindwa mechi nne kwa sifuri. Nahodha wa Detroit, Steve Yzerman, alikuwa ameteuliwa na timu hiyo mwaka 1983: alingoja kombe miaka 14. Nicklas Lidström na Sergei Fedorov waliteuliwa mwaka 1989, katika duru ya tatu na ya nne, timu nyingine zikiwa zimewapita.

Hata hivyo Detroit haikukunja mikono. Mwaka 1996 ilitoa wachezaji wawili wenye jina pamoja na nafasi ya duru ya kwanza ili impate Brendan Shanahan. Hiyo nayo ni bei kubwa. Tofauti naiona hapa: Philadelphia iliuza matofali ili inunue mlango, Detroit ilinunua mlango nyumba ikiwa imekwisha kusimama.

Na Quebec je? Kwa Forsberg na wenzake, timu ilianza kuiva. Lakini mji ulikuwa mdogo, na mishahara ililipwa kwa dola ya Marekani wakati dola ya Kanada ilikuwa dhaifu. Mwaka 1995 timu ikauzwa, ikahamia Denver, ikaitwa Colorado Avalanche. Desemba mwaka huo, kipa kijana aliyepatikana kwa nafasi iliyotoka Philadelphia alitolewa pamoja na wengine, akaja kipa mashuhuri Patrick Roy. Juni 1996 Colorado ikatwaa Kombe la Stanley. Watu wa Quebec, waliovumilia miaka yote ya kushindwa, waliona mbivu zao zikiliwa na wengine. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Jambo hili linanigusa. Mama hunilipia masomo kwa kuuza unga sokoni, na kila mwaka jamaa fulani huuliza kama si afadhali niende Kolwezi kuchimba, fedha ipatikane sasa. Zamani nilimjibu kwa methali. Sasa naona kwamba subira si tabia njema tu, ni mali pia: anayengoja lazima awe na cha kula wakati wa kungoja. Kwa hiyo, mtu akiniambia nivumilie, namwuliza mambo mawili. Ni nani anayelipa gharama ya kungoja huku? Na je, siku ya mavuno, huyo atakuwapo mezani? Mimi naendelea kusoma, ila nimejua kwamba anayengoja hasa si mimi, ni mama.